Mashine ya kusoma vinasaba inakuja maabara kwetu, tununue seva au tuanzie wapi?

Swali lilikuja hivi: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mteknolojia wa maabara kwenye hospitali moja huku ziwani, ng'ambo ya Mwanza mjini. Tumeambiwa mwakani mradi utatuletea ile mashine ndogo ya kusikwensi (kusoma vinasaba) inayochomekwa kwenye laptopu, kazi yake kubwa iwe kipindupindu na usugu wa dawa. Tupo sita na hakuna hata mmoja aliyesomea bioinfomatiki, yaani kuchambua vinasaba kwa kompyuta. Bosi anataka hela iliyobaki tununue seva, mwenzangu anasema tuwe tunapeleka data nje wakatuchambulie, mimi nawaza niombe ruhusa nikasome masters. Tuanzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Umefanya vizuri sana kuuliza kabla boksi halijafika, mana wengi wananitafuta mashine ikiwa imeshakaa miezi nane kabatini, vitendanishi vimeshapita muda, na kila mtu pale maabara anaona aibu hata kulitaja. Nitajibu kwa urefu kidogo kwa sababu hili jambo naliona lina uzito mkubwa kwa watu wa ziwani kwetu.

Seva msinunue. Mwambie bosi kwa heshima zote ila mwambie. Jinomu, yaani maandishi yote ya vinasaba vya kiumbe, kwa bakteria ni ndogo, ya kipindupindu ina herufi kama milioni 4, ya TB milioni 4.4, ya Marburg iliyotutisha Kagera mwaka 2023 na tena 2025 ni herufi elfu 19 tu. Binadamu ndo ana bilioni 3 na ushee, na nyie hamsomi binadamu. Kazi nzito kwa aina ya mashine mnayoletewa ni moja, yaani DNA ikipita kwenye kale katundu kadogo mashine inarekodi umeme unavyobadilika, alafu kompyuta inageuza ule umeme kuwa herufi, na hapo ndo inahitajika kadi nzuri ya michoro ya NVIDIA la sivyo laptopu itahangaika siku nyingi kwa kazi ya masaa. Baada ya hapo kuunga jinomu ya bakteria, kutafuta jeni za usugu (vipande vya vinasaba vinavyomkinga mdudu na dawa), kuchora mti wa ukoo wa wadudu, vyote vinaenda kwenye laptopu nzuri yenye memori ya GB 32, hata 16 utasukuma. Seva inataka chumba chenye kiyoyozi, inataka umeme usiokatika, inataka mtu wa kuihudumia, na nyie mtu huyo hamna. Hela iliyobaki nunueni laptopu moja ya maana yenye hiyo kadi, UPS, hadidisiki mbili za nje, na mlipie intaneti ya mwaka mzima. Ikibaki tena, somesheni watu.

Ila hivyo vyote ni vya pili. Cha kwanza, kabla hujajua hata jina la programu moja, kaa na mganga mkuu wa wilaya wako na afisa afya muulizane, jibu la hii mashine nani analisubiri na akilipata atafanya nini tofauti na alichokuwa afanye? Usione kama swali dogo. Mgonjwa akiletwa anaharisha maji kama ya mchele, hahitaji sikwensi, anahitaji dripu na ORS saa hiyohiyo, na afisa afya anahitaji kipimo cha haraka na kalcha (kuotesha mdudu kwenye sahani) vimwambie ni kipindupindu aanze kugawa klorini mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia. Ukimletea jinomu wiki tatu baadae kumthibitishia kwamba ni kipindupindu umempotezea muda na amini usiamini hatakusikiliza tena mara ya pili.

Jinomu inajibu maswali mengine. Huyu mdudu ni yuleyule wa mlipuko uliopita aliyejificha sehemu, au ni mgeni ameingia? Usugu wake unasogea kuelekea wapi? Kipindupindu cha saivi ni cha lile wimbi la saba lililoanza Indonesia mwaka 1961 likafika Afrika 1970, na watafiti walipokusanya jinomu za Afrika za miongo karibu mitano wakaonesha kwamba mdudu ameingizwa barani angalau mara 11 kutokea nje, yaani sio kwamba amekaa tu kwetu muda wote kama wengi tulivyokuwa tunafundishwa. Na ule mlipuko mkubwa wa Yemen wa 2016 na 2017, jinomu zilionesha mdudu wake ana undugu na wa huku Afrika Mashariki. Hayo ni majibu makubwa, yanabadilisha mipango ya chanjo na ulinzi wa mipaka, na sehemu ya sampuli zilizoyatoa zilianza kama kolonia, kile kijirundo cha bakteria waliooteshwa, kwenye sahani ya mteknolojia kama wewe.

Sasa nikwambie na kisichowezekana mana huku ndo watu wanaahidi makubwa. Kipindupindu kinabadilika polepole, kama herufi 3 tu kwa mwaka kati ya zile milioni 4. Kwaiyo mlipuko ukiwa na wiki tatu, mgonjwa wa Ukerewe na wa Sengerema wanaweza kuwa na jinomu zinazofanana herufi kwa herufi, na wewe ukiulizwa kwenye kikao nani kamwambukiza nani, mdudu mwenyewe hawezi kukwambia. TB ni polepole zaidi, haifiki hata herufi moja kwa mwaka. Virusi kama vya korona viko kasi kidogo, kama herufi 2 kwa mwezi. Ujue kasi ya mdudu wako kabla hujafungua mdomo mbele ya RMO, mganga mkuu wa mkoa.

Na kwa sababu jinomu peke yake haisemi kila kitu, fomu ya mgonjwa inayokuja na sampuli ndo inasema kilichobaki. Hapa naomba unisikilize vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote. Fomu zetu nyingi zina sehemu ya "makazi" na mtu anaandika "Mwanza" basi. Sasa mvuvi wa dagaa makazi yake ni wapi? Kazaliwa Magu, ana familia Igoma, anavua kambi ya kisiwani, na usiku ukiwa wa giza bila mwezi anahamia mwalo mwingine kufuata dagaa, mwezi ukiwa mkubwa taa haisaidii kitu basi anarudi nyumbani. Ina maana kila mwezi kuna watu wanahama kwa makundi kutoka visiwani kuja bara na kurudi, na dalili za kipindupindu zinatokea kuanzia masaa machache hadi siku 5 baada ya kumeza mdudu. Kwaiyo mimi fomu yangu ningeiongezea mstari mmoja tu: siku tano kabla ya kuugua ulilala mwalo gani au kijiji gani, na maji ya kunywa ulichota wapi. Na tarehe ya kuugua, sio tarehe ya sampuli kufika maabara, hizo ni tarehe mbili tofauti na watu wanazichanganya kila siku. Ukiwa na jinomu 20 zinazofanana na ukazipanga kwa mwalo na tarehe, picha inaanza kuonekana. Ukiwa na jinomu 20 za "Mwanza" huna kitu, una herufi milioni 80 zisizo na pa kukaa.

Hiyo fomu unaweza kuianza kesho asubuhi, haisubiri mashine wala mradi.

Tuje kwenye programu zenyewe. Karibu zote mnazohitaji ni za bure, watu wakisikia "bure" wanadhani ni za hovyo, hapana, ndo hizohizo wanazotumia maabara kubwa za Ulaya na Marekani. Kwa mtu anayeanza na anaogopa ile skrini nyeusi ya kuandika amri, anza na Galaxy. Ni tovuti, unafungua akaunti bure, unapakia faili zako, unabonyeza programu moja baada ya nyingine na kazi inafanyika kwenye seva zao huko, laptopu yako inabaki inasubiri tu. Wana na masomo ya hatua kwa hatua ya bure kabisa. Kwa TB kuna TB-Profiler, unaipa faili inakupa ukoo na usugu. Kwa kipindupindu, taifodi na bakteria anayeitwa Klebsiella kuna Pathogenwatch, nayo ni ya kwenye brauza. Ukishazoea, baada ya miezi kadhaa, ndo uingie Linux taratibu, na Windows yako ina sehemu ya kuiwekea Ubuntu ndani yake bila kufuta kitu.

Intaneti mtasema ni tatizo, tupige hesabu badala ya kulalamika. Tuseme faili la sampuli moja ni MB 300, mmesoma sampuli 24 kwa mkupuo, hiyo ni GB 7.2. Kama spidi yenu ya kupandisha ni Mbps 5 za kweli, ni kama masaa matatu na robo. Unaziacha jioni ukienda nyumbani, asubuhi zimefika. Kama bando linakatakata ndo hapo laptopu yenye programu ndani inakuokoa, kwaiyo jifunzeni njia zote mbili, ya tovuti na ya kwenye mashine yenu, ili siku ya mlipuko mnara ukizima msikae mnaangaliana.

Mpangilio wa kazi unakuwa hivi kwa ufupi: unaangalia ubora wa data, unasafisha, unaunga vipande kuwa jinomu, unathibitisha ni mdudu gani, unatafuta jeni za usugu na za sumu, mwisho unalinganisha na wenzake. Wanafunzi wanapenda kukimbilia mti wa ukoo kwa sababu una rangi na unapendeza kwenye slaidi. Mimi nakwambia ishi kwenye zile hatua za kwanza. Nikupe kisa kilichonifundisha. Maabara moja niliyowahi kufanya kazi tulipata sampuli ya kipindupindu, programu ikatoa kwamba ina jeni ya usugu wa karbapenemu, dawa za mwisho kabisa zile. Watu wakashtuka, simu zikaanza kupigwa, barua ya kwenda juu ikawa imeshaandikwa. Nikafungua ripoti ya kuunga jinomu nikaona urefu ni herufi milioni 9. Kipindupindu ni milioni 4, zile milioni 5 za ziada za nani? Zilikuwa za E. coli, bakteria wa utumbo, kolonia mbili zilishikana kwenye sahani na mtu aliyechokoa alichukua zote, akaruka hatua ya kuotesha tena kupata kolonia safi kwa sababu alikuwa na haraka. Ile jeni ilikuwa ya E. coli. Barua ingeenda, nchi ingetangaziwa kitu ambacho hakipo. Namba moja tu, urefu wa jinomu, ilituokoa na ilikuwa imekaa pale kwenye ripoti tangu jana yake hakuna aliyeiangalia.

Na ona jambo, kosa lilikuwa la benchi, sio la kompyuta. Nyie mteknolojia mnajua benchi kuliko sisi wote, ndo mana nasema bioinfomatiki ya maabara za umma inatakiwa ifanywe na watu wenu, sio mtu wa kompyuta ambaye hajawahi kushika luupu ya kuchukulia bakteria. Yeye angeona milioni 9 akaendelea tu, wewe moja kwa moja unawaza sahani.

Jeni za usugu zina mtego mwingine. Kuna kanzidata tatu zinazotumika sana, ResFinder ya Denmark, CARD ya Kanada na AMRFinderPlus ya Marekani, na sampuli ileile moja inaweza kukupa orodha tatu zisizolingana. Chagueni moja, andikeni toleo na tarehe yake kwenye kila ripoti, msibadilishe katikati ya mlipuko. Alafu kuwa na jeni sio kuwa sugu. Kuna jeni inaitwa catB9 utaikuta kwenye kipindupindu karibu kila mara, jina lake linaashiria usugu wa dawa ya chloramphenicol, na mara nyingi mdudu mwenyewe kwenye sahani anakufa kwa chloramphenicol vizuri tu. Upande wa pili, dawa ya siprofloksasini mdudu anaweza kuanza kuizoea kwa kubadilisha herufi tu ndani ya jeni zake mwenyewe za gyrA na parC bila kubeba jeni yoyote mpya, sasa kama programu yako inatafuta jeni za kubebwa tu itakwambia yuko salama. Kwaiyo sahani za Mueller-Hinton na diski zenu za kupimia dawa ziendelee kama kawaida, sikwensi inakaa pembeni yake. Vikipingana, rudieni vyote viwili kabla ya kumpigia mtu simu.

Kuhusu kuithibitisha njia yenu, nyie mnajua ISO 15189, kile kiwango cha ubora wa maabara za tiba, kuliko mimi, na msidhani kompyuta iko nje ya hiyo. Paipulaini, yaani mfululizo wa programu mnazopitishia data, ni kipimo kama kipimo kingine, inahitaji SOP (utaratibu ulioandikwa), inahitaji kontroli (sampuli ya kulinganishia). Chukueni sampuli ambazo majibu yake yanajulikana, pitisheni, mwone kama mnapata jibu lilelile mara tatu na kwa watu wawili tofauti. Toleo la programu likibadilika mnathibitisha upya. Shirika la Afya Duniani lilitoa katalogi ya mutesheni (mabadiliko ya herufi yanayoleta usugu) za TB mwaka 2021 alafu likatoa nyingine 2023, mgonjwa yuleyule data ileile anaweza kusomeka tofauti kutegemea umetumia ipi, na daktari akikuuliza kwanini jibu limebadilika lazima uwe na karatasi ya kumwonesha.

Faili zipeni namba, jina la mgonjwa lisionekane kwenye jina la faili hata siku moja. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na imeshaanza kutumika tangu 2023, na faili likishapakiwa mtandaoni na jina la mtu hulirudishi. Msitumie nafasi wala alama za ajabu kwenye majina, programu nyingi zinakwama hapo. Nakala tatu, moja iwe nje ya jengo.

Wazo la mwenzako la kupeleka nje silikatai lote. Kupeleka maabara ya taifa wakuhakikishie jibu ni jambo zuri na mnapaswa kufanya, na kwa vitu kama Marburg hakuna mjadala, kuna taratibu zake fuateni. Ninachokataa ni kupeleka data ghafi mbali na kukaa kusubiri bila nyie kuigusa. Nimeona sampuli za watu wa ziwa hili zimechukuliwa, makala imetoka baada ya miaka miwili, na kituo kilichomtunza mgonjwa hakijawahi kupata hata ukurasa mmoja wa kusema mdudu wenu alikuwa wa aina hii. Inaniuma kila nikikumbuka. Chambueni wenyewe kwanza hata kama ni kwa kusuasua, andikeni jibu lenu, alafu mlinganishe na la wakubwa. Mkitofautiana hapo ndo mtajifunza haraka kuliko darasa lolote. Na kabla data haijatoka pawe na makubaliano ya maandishi nani anamiliki, nani anaandika jina lake, majibu yanarudi lini.

Masters yako. Soma, ila sio mwakani. Ukiondoka mashine inafika na wewe haupo, na ukirudi na cheti unaweza kuhamishwa kituo kingine, tumeyaona haya. Anza na kozi fupi. Mtandao wa H3ABioNet ulioanzishwa 2012 umefundisha Waafrika wengi bioinfomatiki ya mwanzo bila kusafiri, watu walikuwa wanakusanyika darasani kwao wanaangalia vipindi pamoja wakiwa na msaidizi, na watu wa maabara za hospitali kabisa wamepita humo. Masomo ya Galaxy nayo yapo wazi muda wote. Muwe wawili, usiwe peke yako hata kidogo, mana mmoja akiugua au akihama kila kitu kinakufa. Na muombe bosi awape siku moja kwa wiki, tuseme Alhamisi, ambayo hamshiki benchi kabisa na iandikwe kwenye ratiba ya zamu. Hiyo siku ndo ghali kuliko seva aliyotaka kununua na ndo ngumu kuipata, wagonjwa hawaishi na wenzenu watanung'unika. Bila hiyo siku mtakuwa mnajifunza saa nne usiku mmechoka na mtaacha mwezi wa pili.

Alhamisi ya kwanza fanyeni hivi. Fungua akaunti ya Galaxy. Nenda kwenye hazina ya wazi ya jinomu inayoitwa GenBank, tafuta kipindupindu kinachoitwa N16961, jinomu yake ilitoka mwaka 2000, namba za kuitafutia ni AE003852 na AE003853. Ziko mbili kwa sababu mdudu huyu ana kromosomu mbili, kubwa ina herufi 2,961,149 na ndogo 1,072,315. Pakua zote, zipitishe kwenye programu ya kutafuta jeni za usugu, uone kama catB9 itatokea. Alafu tafuta sampuli moja ghafi ya kipindupindu cha Afrika Mashariki, zipo nyingi zimewekwa wazi, isafishe, iunge, uangalie urefu. Ukipata karibu na milioni 4 uko sawa. Ukipata milioni 9 unajua cha kufikiria. Ukikwama popote nitumie lile kosa jekundu kama lilivyo, lote, usinifupishie, na uniambie ilikuwa hatua ya ngapi.